Zamu ya Mwaitu

Kuna harufu moja ambayo pua yangu haijaisamehe hadi leo: harufu ya vumbi linaloungua taratibu ndani ya mashine ya umeme. Ilinifikia tena Jumamosi ya kwanza ya Februari mwaka huu, mazishi ya mume wangu yakiwa bado hayajatimiza mwezi wa pili. Binti yangu alikuwa ameazima kwa jirani mashine kuukuu ya gemu, akaiunganisha na televisheni, ikapata moto, na harufu ikaja hadi jikoni. Niliiweka chini sufuria niliyokuwa nikiipangusa, nikatoka nje, nikasimama kando ya tangi la maji nikiutazama ukuta. Binti yangu akanifuata.

"Mama, unamlilia baba?"

Nikamjibu ndiyo, kwa sababu ndilo jibu lililokuwa karibu. Lakini sikuwa nikimlilia baba yake. Mume wangu, Mungu amrehemu, nilimlilia siku zilizomstahili, mbele ya watu, nikiwa nimesimama wima. Machozi yale ya kando ya tangi yalikuwa ya watu wengine, na yalikuwa yamechelewa sana.

Wanaonijua husema nina ugonjwa wa kalenda. Nakubali. Mtu aliyeingia darasa la kwanza wakati wenzake wa rika wanajiandaa kwa darasa la tano hukumbuka siku zake vizuri, maana alizihesabu kutoka nje ya ua. Basi naweza kusema bila kubahatisha kwamba ilikuwa Jumapili ya pili ya Januari, mwaka ule serikali ilipotangaza kwamba shule za msingi hazitatoza karo tena, baba aliponiita chini ya dari ya ghala letu kule Kathonzweni. Watoto wa kijiji kizima walikuwa wameanza kumiminika shuleni, wengine wakiwa na ndevu changa. Mimi nilikuwa na miaka tisa na sijawahi kushika kalamu.

"Utaenda Nunguni kwa baba mdogo wako," baba akasema. "Mke wake ni mwalimu. Ukikaa nyumba moja na mwalimu, shule utaisomea hata jikoni."

"Na sare?"

"Utazikuta huko, Mwaitu."

Nieleze jina hilo, kwa sababu bila hilo mengine hayataeleweka. Nilipozaliwa nilipewa jina la nyanya yetu, mama mzazi wa baba na baba mdogo, ambaye alikuwa amekwisha kufariki. Kwetu Ukambani mtoto akirithi jina hurithi na heshima yake. Wanaume wale wawili hawakuwahi kuniita kwa jina langu. Waliniita Mwaitu, yaani mama yetu, na wakinipa kitu walinipa kwa mikono miwili. Baba yangu angeweza kuwagombeza ndugu zangu wote kwa ng'ombe mmoja aliyepotea, kisha akanigeukia mimi kwa sauti ya chini: "Mwaitu, nawe uliona alikoelekea?" Baba mdogo hakujaliwa binti. Alikuwa na mvulana wa miaka kumi na mmoja aitwaye Mumo, na mtoto mchanga, Nzioka, mvulana vilevile. Kila alipotutembelea alilalamika kwa mzaha kwamba kaka yake amejimilikisha mama. Niliyaamini hayo yote. Nilidhani mtu anayekuita mama hawezi kukudanganya.

Nunguni ilinishangaza kwa baridi. Nilitoka katika nchi ambako tulifagia vumbi asubuhi na jioni, nikafika mahali ambapo ukungu ulilala juu ya kabichi hadi saa nne na matone yalidondoka kutoka kwenye mabati bila mvua kunyesha. Mama mdogo alinipokea kwa sweta alilolifuma mwenyewe, la rangi ya kijani, na sitamnyang'anya wema huo. Lilinitosha barabara, kana kwamba alikuwa amepewa vipimo vyangu mapema.

Jumatatu niliamka kabla ya wote. Niliosha miguu, nikajipaka mafuta hadi magotini, nikasimama mlangoni. Mama mdogo akatoka na mkoba wake wa vitabu, Mumo nyuma yake akiwa ndani ya sare.

"Mbona unang'aa hivyo, Mwaitu? Safari ya wapi?"

"Shule."

Alimtazama mumewe. Baba mdogo aliitazama chai yake. Mimi, kwa akili ya miaka tisa, nikayatafsiri macho yao kuwa mashauri ya watu wazima kuhusu sare. Kisha mama mdogo akanikabidhi Nzioka, akiwa amefungwa shali mbili, akasema, "Kwanza huyu akue kidogo." Wakaondoka. Nilibaki mlangoni na mtoto mgongoni, miguu yangu iking'aa bure.

Mashine ya gemu ilikuwa imeletwa na kaka yake mama mdogo aliyefanya kazi Nairobi. Ilikuwa ya rangi ya kijivu, yenye kifuniko kilichofunguka kama mdomo wa kifaranga, na ilihitaji kupigwa kofi moja la ubavuni kabla ya kukubali kuwaka. Diski ilikuwa moja tu. Ndani yake mlikuwa na kijana aliyesimama juu ya ubao wa magurudumu, amevaa kofia ya sufu na suruali inayoanguka, akiteleza juu ya ngazi, juu ya vyuma vya kushikilia, juu ya meza za watu, bila kumwomba radhi mtu yeyote. Alirukaruka na kupinduka hewani, kisha ubao ukarudi chini ya nyayo zake kama mbwa aliyeitwa.

Sijui watoto wengine waliona nini katika gemu ile. Mimi niliona ukame. Pale kijana alipoenda mara nyingi zaidi palikuwa na shimo kubwa lililojengwa kwa saruji, refu upande mmoja na fupi upande wa pili, lenye ngazi ya chuma ya kushukia, na halikuwa na hata tone la maji. Kwetu Kathonzweni tulikuwa na silanga, bwawa la kuchimba kwa majembe, nami nilijua silanga lililokauka hufananaje na jinsi watu wanavyoacha kusemezana likikauka. Nikamhurumia kijana yule. Nilidhani hana ng'ombe tena wala maji ya kutumwa kuchota, ndiyo maana siku nzima anashinda akiteleza ndani ya bwawa tupu la mji wao.

"Wazazi wake wako wapi?" nilimuuliza Mumo.

"Wazazi wa nani?"

"Wa huyu. Anavunjika hivi na hakuna anayekuja."

Mumo alicheka hadi akajikunja. "Mwaitu, wewe ni kiboko! Ati wazazi!" Lakini baadaye, walipokuwa wakila, nilimsikia akimweleza baba yake swali langu, na hakulieleza kwa ubaya.

Kulikuwa na padi mbili za kuchezea, kila moja na waya wake. Mumo alishika ya kwanza, akanipa mimi ya pili. "Mwenye nyumba huanza," alisema, "halafu mgeni." Kwa hiyo alicheza yeye kwanza, kwa dakika zile walizopangiwa na mashine, akianguka na kuinuka. Muda ukiisha alibonyeza kitu haraka, picha ikatoweka kidogo, kisha yule kijana akatokea tena pale mwanzo. Kwenye pembe ya juu neno moja la herufi nyekundu likaanza kuwaka na kuzimika.

"Haya, zamu yako. Kaza mikono!"

Nami nikakaza. Nilibonyeza vitufe vyote kwa vidole vyote, nikiinama kushoto kijana alipoinama kushoto, na akaruka! Alipinduka hewani, akatua, akateleza juu ya chuma kirefu huku cheche zikimtoka. Kijana mwenye kofia ya sufu, wa nchi nisiyoijua, alikuwa akinitii mimi niliyezoea kutii. Kama hujawahi kuwa mtoto anayetumwa na kila mtu ndani ya nyumba, huenda hutaelewa utamu wake.

"Mama yangu ni hatari!" baba mdogo alisema kutoka kitini. "Mumo, huyu amekuzidi."

"Amenizidi kabisa," Mumo akaitikia, akiutazama ukuta.

Niliona mambo mawili ya ajabu na yote mawili niliyapatia maelezo. La kwanza, kijana alianguka mahali palepale alipomwangusha Mumo. Nikaamua kwamba pale pana jiwe dogo lisiloonekana. La pili, sikuwahi kupewa nafasi ya kuanza. Nikaamua kwamba huo ni utaratibu wa wenyeji wa huko milimani, kwani kila nyumba ina miiko yake. Mtoto anayependwa huwatafutia wapendwa wake sababu nzuri, na akizikosa huzibuni.

Ndivyo ulivyopita mwaka. Mchana nilimlea Nzioka: nilimchemshia uji, nilimwosha, nilifua vitambaa vyake katika maji yaliyonikata vidole kwa baridi. Jioni nilipewa zamu yangu. Muhula wa pili ulipokaribia kufunguliwa, mwanzoni mwa Mei, nilimfuata mama mdogo alipokuwa akichambua mchicha.

"Mama mdogo, sasa nitaenda?"

"Uende wapi?"

"Shule. Baba alisema."

Aliacha kuchambua. "Baba yako alisema?" Alinitazama kwa namna ambayo niliisoma kuwa ni hasira, na sasa najua haikuwa hasira. Halafu akasema polepole, "Hebu ngoja Nzioka aache kunyonya." Mwanzoni mwa Septemba nilimuuliza baba mdogo. Yeye alicheka kwa upole, akaniwekea mkono begani.

"Mama husoma nini tena? Mama ndiye shule yenyewe. Mumo, hebu mwashie Mwaitu gemu acheze."

Nikaenda kucheza. Hapo ndipo ninapojikazia macho ninapokumbuka: nilienda, na nilifurahi.

Jumapili ya tatu ya Novemba walikuja wageni wawili, walimu wenzake mama mdogo. Mvua za vuli zilikuwa zimewazuia, hivyo baada ya chakula sote tulikusanyika sebuleni, na baba mdogo akatamani kuwaonyesha kipaji cha mama yake. Mumo akacheza. Mumo akabonyeza. Neno jekundu likaanza kuwaka. Nikaishika padi yangu, wageni wakasogeza viti, na kijana akaanza kuteleza kuelekea silanga lake kavu.

Nzioka alikuwa na umri wa mwaka mmoja na siku kadhaa. Wiki ile ndiyo alikuwa amejifunza kusimama kwa kushikilia vitu. Akajikokota hadi kwenye mashine, akajiinua kwa kushika waya wa padi yangu, na waya ukachomoka. Aliuinua juu, akaupeleka mdomoni. Kichwa cha waya kilikuwa kinywani mwa mtoto, mkia wake mikononi mwangu, na kijana wa kwenye televisheni akaruka, akapinduka mara mbili, akatua vizuri kabisa.

Niliacha kubonyeza. Aliendelea. Niliiweka padi sakafuni. Aliendelea, akateleza hadi pale penye jiwe lisiloonekana, akaanguka.

Wageni walianza kucheka kabla sijaelewa. Ni mmoja wao, mwanamke mnene mwenye miwani, aliyesema huku akijifuta macho, "Masikini, kwani hakujua ni marudio? Si imeandikwa pale juu!"

"Tangu Januari," Mumo akasema, na kicheko chake kilikuwa cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Mimi nacheza, yeye anabonyeza marudio yangu. Nilidhani atagundua siku ya pili!"

Nilimgeukia mama mdogo. Sijui nilimtarajia afanye nini. Alikuwa akicheka kidogo, kwa aibu, kama anavyocheka mtu mbele ya wageni.

"Usikasirike, Mwaitu," akasema. "Hata sisi hatukukuficha. Limeandikwa pale kila siku."

Mwalimu ndiye aliyeyatamka hayo, kwa mtoto ambaye mwaka mzima alimlelea mwanawe ili yeye aende kufundisha watoto wa wengine kusoma. Nililitazama neno lile jekundu. Liliwaka, likazimika, likawaka. Kila mtu katika chumba kile aliweza kulisoma isipokuwa mimi na Nzioka.

"Kwani huyu yuko darasa la ngapi?" mgeni mwenye miwani akauliza, kicheko kikimwishia.

Mvua ilipiga mabati.

"Huyu ni mama yangu," baba mdogo akasema hatimaye, akijaribu kuurudisha mzaha. "Mama haulizwi darasa."

Hapo nikasimama. Nilizungumza kama nilivyodhani nyanya angezungumza, mikono nyuma. "Kama mimi ni mama yako," nikasema, "nakuagiza unipeleke shule. Kesho."

Wageni walimtazama. Alikuwa ameniita mama mbele yao kutwa nzima, na kwetu neno la mama haliachwi likaanguka sakafuni, hasa akilisema mbele ya mashahidi. Akaivua kofia yake. Akaikunja. "Mwaitu amesema," akajibu. "Kesho tutatoka."

Usiku ule nililala nikiwa nimeshinda. Jumatatu nikaamka, nikaosha miguu, nikajipaka mafuta. Tulipofika barabarani baba mdogo hakuelekea upande wa shule. Alielekea upande wa kituo cha basi, akiwa na kifurushi cha nguo zangu, na adhuhuri tulikuwa Kathonzweni, vumbi likiwa limekwisha kurudi juu ya miguu yangu.

Baba alikuwa akirekebisha boma la mbuzi. Alituona kwa mbali na hakushangaa. Aliweka panga chini, akamsalimu nduguye, akauliza swali moja tu.

"Mtoto ameanza kusimama?"

"Ameanza. Kama tulivyosema."

"Basi vizuri."

Nikaelewa kwamba sikuwa nimemwamuru mtu yeyote. Muda niliopangiwa ulikuwa umetimia, nami nikaudhania kuwa nguvu ya neno langu. Lakini hata hilo lilikuwa dogo, kwa sababu baba mdogo, akiwa bado amesimama, alimwambia kaka yake kwa sauti ya kulaumu: "Lakini ulimwambia nini huyu mtoto? Mwaka mzima ananiuliza shule, mke wangu anashindwa la kumjibu. Tuliongea shule lini mimi na wewe?"

Niliusubiri mdomo wa baba ukane. Nilikuwa tayari kuamini chochote, hata kitu cha kijinga, kama nilivyoliamini lile jiwe. Alilichukua panga lake, akalipima ukali kwa kidole gumba.

"Ungekataa kwenda," akaniambia, bila kunitazama. "Ningekwambia ni kulea mtoto, ungelia, na mama yako angelia. Nikaona nikwambie kitu utakachokipenda."

"Mama alijua?"

"Mama yako nilimwambia vilevile kama wewe."

Wavulana wawili wa milimani walinidanganya kwa mashine, mmoja wa miaka kumi na mmoja na mmoja mwenye mvi, na uongo wao ulikuwa wa kuchezea. Wa baba ulikuwa umekwisha kunipaka mafuta miguuni kabla sijatoka nyumbani. Yeye ndiye aliyenitafutia neno lile. Alijua, kati ya maneno yote, ni lipi lingeniondoa mlangoni pa mama yangu bila kugeuka nyuma.

Sikumwambia kitu siku ile wala Desemba yote. Nilichunga mbuzi, nilitwanga mahindi ya muthokoi, niliitika nilipoitwa Mwaitu, ingawa jina lilikuwa limeanza kunibana kama sweta la mtu mwingine. Januari ilipofika baba alimvalisha kaptula mpya mdogo wangu wa kiume, wa miaka sita, akamshika mkono ampeleke kuandikishwa. Mimi nilikuwa nikifagia. Niliuegemeza ufagio ukutani, nikawafuata. Baba aligeuka mara moja, akaniona, akaendelea na safari. Aligeuka tena tulipofika kwenye mto mkavu. Hakuniambia nirudi. Nadhani alisubiri nimwombe, na sikumwomba.

Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa mwanamume kijana, shati lake likiwa limepigwa pasi kwa uangalifu. Alikuwa amekaa nje mezani, penye kivuli cha jengo. Alimwandika mdogo wangu, akamuuliza jina, akamwambia afikishe mkono wa kulia kwenye sikio la kushoto juu ya kichwa, kama walivyopimwa watoto siku zile. Kisha akainua macho, akaniona nimesimama nyuma, mrefu kuliko foleni nzima, mikono mitupu.

"Na huyu, mzee? Umemleta naye?"

Baba alifungua mdomo. Ninaamini kabisa kwamba angesema ndiyo. Angesema ndiyo kwa moyo mweupe, na kuanzia siku ile jambo hilo lingekuwa lake, angelisimulia sokoni na kanisani, na mimi ningelazimika kumshukuru hadi nimzike.

"Hapana, mwalimu," nikasema. "Nimejileta."